Sergei Winogradsky na Chujio Lililo Hai

Anayetaka kuweka tangi kubwa la samaki nyumbani, tuseme Njiro au Sakina jijini Arusha, huanza na mambo yanayoonekana kwa macho. Humwita fundi wa vioo, hununua pampu, huosha mchanga na kujaza maji. Tangi la urefu wa sentimita 150, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 55 huchukua takriban lita 412. Maji hayo peke yake yana uzito unaozidi kilo 400, hivyo meza yake hujengwa kwa chuma au kwa matofali. Maji yakitulia huwa maangavu kama ya chemchemi, na jioni ileile samaki kumi na tano hutiwa ndani. Baada ya siku chache samaki huanza kupanda juu wakihema. Kabla ya wiki ya pili kwisha wengi wamekufa, tena ndani ya maji ambayo bado yanang'aa. Lawama huenda kwa muuzaji, kwa chakula, au kwa maji ya Mlima Meru.

Mara nyingi muuaji ni amonia, nayo hutoka kwa samaki wenyewe. Huitoa kupitia mashavu yao, na nyingine hutokana na kinyesi na mabaki ya chakula yanayooza. Haina rangi, na kitambaa chochote cha kuchujia haikizuii hata chembe yake. Aliyewatambua viumbe wanaoiondoa ni mwanasayansi mmoja ambaye nusura awe mpiga piano.

Sergei Nikolaevich Winogradsky alizaliwa tarehe 1 Septemba 1856 mjini Kyiv, ambao leo ni mji mkuu wa Ukraine na wakati huo ulikuwa katika Dola ya Urusi. Familia yake ilikuwa tajiri, yenye mashamba. Kijana huyo hakusukumwa na njaa kuchagua kazi, na labda ndiyo maana alichelewa kuichagua. Alianza chuo kikuu mjini Kyiv, masomo yakamchosha. Mwaka 1875 alikwenda St. Petersburg kusomea piano katika chuo cha muziki. Baada ya miaka miwili akauacha muziki pia, akajiunga na Chuo Kikuu cha St. Petersburg kusoma sayansi asilia. Huko alijifunza kemia pamoja na fiziolojia ya mimea. Alihitimu mwaka 1881.

Mwaka 1885 alihamia Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa lakini siku hizo ulitawaliwa na Ujerumani, kufanya kazi katika maabara ya Anton de Bary, bingwa wa elimu ya mimea. Kiumbe aliyemvutia huko aliitwa *Beggiatoa*. Huyu ni bakteria mwenye umbo la uzi mweupe, anayeishi katika maji yanayonuka kama yai viza. Harufu hiyo ni ya gesi ya haidrojeni salfaidi, na aliyewahi kuchimbua tope jeusi la bwawa anaijua. Wengine walikwisha kuona kwamba ndani ya nyuzi hizo kuna chembe za salfa, ila walishindwa kueleza zinafanya nini humo. Winogradsky aliweka nyuzi chache katika tone la maji chini ya hadubini, akawa akibadilisha maji hayo tena na tena, siku baada ya siku. Maji yakiwa na gesi ile, chembe za salfa ziliongezeka. Gesi ikikosekana, chembe zilipungua hadi zikatoweka, na kiumbe akaanza kufa njaa.

Hapo aligundua jambo ambalo wanabiolojia wa wakati wake hawakulitarajia. Viumbe wote waliojulikana walipata nguvu kwa njia mbili tu: ama kwa mwanga wa jua, kama mimea, ama kwa kula kitu kilichotoka kwa kiumbe mwingine, kama wanyama na kuvu. *Beggiatoa* hakufuata njia yoyote kati ya hizo. Yeye alipata nguvu kwa kuunguza gesi isiyo na uhai kwa kutumia oksijeni. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1887. Mwanzoni mwa mwaka 1888 de Bary alifariki dunia, na mwanafunzi wake akahamia Zurich, Uswisi. Hapo ndipo maisha yake yanapoingia moja kwa moja katika tangi letu la samaki.

Ili kuelewa alichokikuta, turudi nyuma kidogo, hadi Paris mwaka 1877. Wanakemia wawili Wafaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza mchanga na chokaa katika mrija mrefu wa kioo, kisha wakapitisha majitaka polepole kutoka juu. Kwa siku ishirini hivi hakuna kilichotokea. Amonia iliingia juu na kutokea chini ikiwa vilevile. Baada ya hapo, bila wao kubadilisha chochote, amonia ilitoweka na nitrati ikatokea badala yake. Walipopitisha mvuke wa klorofomu, dawa iliyotumiwa kulaza wagonjwa wakati wa upasuaji, kazi ile ilisimama. Walipouondoa mvuke huo na kumwagia maji yaliyosukutua udongo wa kawaida, kazi ikaanza upya. Mchanga haulazwi kwa dawa. Kilichosinzia mle kilikuwa hai.

Mtahiniwa akiutazama mrija huo vizuri ataona kwamba ni chujio la tangi la samaki, kasoro pampu tu. Zile siku ishirini za ukimya ndizo siku ambazo samaki wa Njiro au Sakina hutiwa majini na kufa. Maji huonekana tayari, kumbe wafanyakazi bado hawajafika.

Ni akina nani basi wafanyakazi hao? Kwa zaidi ya miaka kumi watu walijaribu kuwakamata, na mmoja wao ana hadithi inayofaa kusimuliwa. Robert Warington wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo huko Uingereza, alionyesha kwamba kazi ile hufanyika kwa hatua mbili. Amonia huwa nitriti kwanza, halafu nitriti huwa nitrati. (Chunga tahajia: tofauti kati ya maneno haya ni irabu moja tu, lakini nitriti ni sumu kali kwa samaki na nitrati si kali hivyo.) Baba yake, ambaye pia aliitwa Robert Warington, alikuwa mwanakemia wa London. Mwaka 1850 baba huyo alitangaza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu, mimea ya majini na konokono katika tangi moja bila kubadilisha maji. Yeye anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa ufugaji wa samaki katika matangi ya kioo. Hivyo baba alijenga tangi, na mwanawe akahangaika miaka mingi kumtafuta kiumbe ambaye bila shaka alikuwa akifanya kazi ndani ya tangi la baba. Mwana huyo alikaribia sana, lakini hakufanikiwa kumtenga.

Kilichowashinda watafiti wengi ni ukarimu wao. Siku hizo bakteria walioteshwa maabara walipewa jeli iliyochanganywa na mchuzi wa nyama, na bakteria wengi walistawi juu yake. Winogradsky alifikiri kinyume kwa sababu alikuwa ametoka kwa *Beggiatoa*. Ikiwa wapo viumbe wanaoishi kwa kuunguza gesi yenye salfa, huenda wapo wanaoishi kwa amonia, na hao mchuzi wa nyama hauwafai kitu. Akachukua maji ya Ziwa Zurich, akatia chumvi mbili, yaani fosfeti ya potasi na salfeti ya amonia. Hii ya pili ndiyo ile mbolea ambayo wakulima wetu huiita SA. Chini ya chupa akaweka unga wa kaboneti ya magnesi. Hakutia sukari wala nyama. Kila mara kazi ilipokwenda vizuri alichukua kidogo na kuhamishia katika chupa mpya, na wale waliohitaji chakula kingine wakapungua kwa njaa.

Bado bakteria wachache wasiohusika waling'ang'ania. Hapo alitumia ujanja ambao mimi nauona kuwa kilele cha kazi yake yote. Alimwaga mchanganyiko wake juu ya jeli ya kawaida, akasubiri wageni wale waote madoa yao, kisha akachukua mbegu kutoka mahali ambapo palikuwa patupu. Watafiti wengine walichota mahali palipoota kitu. Yeye alichota mahali pasipoota kitu, kwa kuwa aliyemtaka hakuwa mlaji wa jeli. Njia hiyo ilimfikisha.

Chini ya hadubini aliwaona hatimaye, vijibakteria vya umbo la yai. Aliviona mahali pa kushangaza kidogo. Maji ya juu katika chupa yalikuwa maangavu, karibu bila kiumbe. Bakteria walikuwa wamejibandika kwenye punje za kaboneti kule chini, wakizifunika kama ukoga. Aliyeng'amua habari hiyo ameshajua jinsi ya kupanga chujio. Maji machafu ya tangi yakibadilishwa, bakteria wanaopotea ni wachache, kwa kuwa wengi hawaelei. Mawe yakioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, wengi hufa kwa wakati mmoja.

Sasa tulipange chujio hilo. Chini ya meza huwekwa tangi dogo la lita 80 au 100, lililogawanywa kwa vioo kuwa vyumba vitatu. Maji hushuka kutoka tangi kubwa kwa bomba na kuingia chumba cha kwanza, ambamo sponji hunasa kinyesi na majani. Chumba cha pili ndicho kikubwa, nacho hujazwa kitu chenye vitundu vingi. Arusha ina bahati hapa. Meru ni volkano, na mawe yake mepesi yenye vitundu, ambayo wengine huyaona kuwa kifusi cha kujengea, ni makao mazuri ya bakteria kwa sababu jiwe moja lina sehemu nyingi za kujibandika, nje na ndani. Huoshwa vizuri hadi vumbi liishe. Chumba cha tatu hukaa pampu inayorudisha maji juu. Kwa tangi la lita 400, pampu ya lita 1,600 hadi 2,000 kwa saa huyazungusha maji yote mara nne au tano kila saa. Sponji husuuzwa mara kwa mara. Mawe huguswa kwa nadra, na yakihitaji kusuuzwa hutumika maji yaliyochotwa kwenye tangi lenyewe.

Mzunguko huo una sababu zaidi ya usafi. Bakteria wa Winogradsky huunguza amonia kwa oksijeni, na maji yanayotembea ndiyo huwaletea vyote viwili. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, walio ndani ya mawe hukosa hewa, na samaki hukosa hewa pamoja nao. Ukikatika mno, harufu ya yai viza hurudi, yaani gesi ileile ya Strasbourg.

Subira nayo ina hesabu yake. Bakteria wengi wa kuozesha vyakula huweza kujigawa kila baada ya dakika 20 au 30. Hawa wa amonia huhitaji nusu siku, na mara nyingi zaidi ya siku nzima, kwa kuwa chakula chao kina nguvu kidogo. Chujio jipya hulishwa amonia kidogo au chakula kidogo cha samaki kwa wiki nne hadi sita kabla ya samaki kuingia. Amonia hupanda kisha hushuka, baadaye nitriti hupanda kisha hushuka, kwa mpangilio uleule alioueleza Warington. Maji ya nyuzijoto 25 hadi 28 huwafaa. Katika baridi ya Juni na Julai jijini Arusha wataendelea kwa unyonge, na siku za kungoja zitaongezeka iwapo tangi halina kipasha maji. Njia ya mkato ipo, nayo ni ile ya Schloesing na Müntz ya kuleta mbegu. Sponji chafu kutoka tangi la rafiki lenye samaki wazima ina thamani kuliko sponji mpya ya dukani.

Tusiwabebeshe bakteria hawa kazi isiyo yao. Maji mengi yanayotoka miteremko ya Meru yana floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na hakuna bakteria wa chujio anayeila. Floraidi hupunguzwa kwa mkaa wa mifupa, na hiyo ni kemia tupu. Maji hayo pia yana asili ya besi. Tabia hiyo ina pande mbili: bakteria huipenda, kwa kuwa kazi yao huzalisha asidi na besi huipoza, lakini katika maji ya besi sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lenye sumu. Basi uzembe unaosamehewa penye maji baridi ya asidi hausamehewi Arusha.

Winogradsky alichapisha kazi yake ya amonia kuanzia mwaka 1890. Alithibitisha pia kwamba viumbe hao hujenga miili yao kwa kabonidayoksaidi, kama mimea ifanyavyo, ila bila mwanga wala klorofili. Kabla ya hapo neno usanisi lilikwenda na jua. Mwaka uliofuata aliwatenga wale wa hatua ya pili, na majina *Nitrosomonas* na *Nitrobacter* yanayokaririwa katika somo la mzunguko wa nitrojeni yametoka kwake. Alialikwa Paris kwenye Taasisi ya Pasteur, lakini mwaka 1891 alichagua kurudi St. Petersburg kuongoza idara katika taasisi mpya ya tiba. Huko alimtenga *Clostridium pasteurianum*, bakteria anayenasa nitrojeni ya hewani bila kuhitaji mmea wala oksijeni. Kuanzia mwaka 1902 hadi 1905 alikuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo.

Baada ya hapo aliiacha sayansi. Afya yake haikuwa nzuri, na alikuwa na mashamba ya familia ya kusimamia. Alikaa mbali na hadubini kwa zaidi ya miaka kumi. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1917 na vita vilivyofuata. Mashamba yakapotea, na mzee huyo akaikimbia nchi. Mwaka 1921 alikuwa Belgrade, na mwaka 1922 Taasisi ya Pasteur ikamwita tena. Mwaliko alioukataa akiwa kijana mwenye mali aliupokea akiwa mkimbizi wa miaka 66. Alipewa maabara katika mji mdogo wa Brie-Comte-Robert, nje ya Paris.

Wengi wangedhani amekwenda kupumzika. Alifanya kazi huko hadi miaka ya Vita Kuu ya Pili, akichunguza bakteria ndani ya udongo halisi badala ya ndani ya chupa, na binti yake Helen akifanya utafiti pamoja naye juu ya bakteria walewale wa amonia. Aliwagawa bakteria wa udongo katika makundi mawili: wale wanaolipuka kwa wingi chakula kinapoanguka, na wale wanaoishi kwa utulivu muda wote. Mfugaji wa samaki anawajua wa kundi la kwanza. Ndio wanaoyafanya maji yawe kama yametiwa maziwa siku mbili baada ya mtoto kumwaga kopo zima la chakula tangini. Mwaka 1935 Winogradsky alitunukiwa Medali ya Leeuwenhoek, heshima kubwa katika mikrobiolojia, na mwaka 1949 kazi zake zikakusanywa katika kitabu kimoja kikubwa kuhusu mikrobiolojia ya udongo. Alifariki Brie-Comte-Robert mwezi Februari 1953, akiwa na miaka 96.

Picha aliyoichora imerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, na chujio la samaki lilihusika. Katika miaka ya 1990 watafiti waliochunguza matangi ya samaki walikuta kwamba hatua ya pili humo hufanywa zaidi na bakteria wa jenasi ya *Nitrospira* kuliko *Nitrobacter*. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba baadhi ya *Nitrospira* hufanya hatua zote mbili wenyewe, kutoka amonia hadi nitrati, jambo ambalo kwa zaidi ya miaka mia moja liliaminika kuwa halipo. Moja ya sampuli zilizothibitisha hilo ilitoka katika chujio la mfumo wa kufugia samaki nchini Uholanzi. Vitabu vingi vya kidato cha nne bado vinataja *Nitrosomonas* na *Nitrobacter* peke yao, na mtahiniwa anayeulizwa juu ya mzunguko wa nitrojeni ayaandike majina hayo mawili kwanza.